Nani Asemaye Jukwaani? Maisha na Tamthilia za Penina Muhando

Utangulizi

Mtahiniwa wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya akiombwa kuwataja watunzi wa tamthilia, aghalabu huanza na Ebrahim Hussein, kisha akawataja Said Ahmed Mohamed, Kithaka wa Mberia na Timothy Arege. Mwanamke huja mwishoni, naye mara nyingi ni mmoja tu, Pauline Kea, kwa kuwa tamthilia yake ya Kigogo ilitahiniwa katika KCSE kuanzia mwaka wa 2018. Ilhali baina ya 1972 na 1984, mwanamke mmoja wa Tanzania, Penina Muhando, alichapisha tamthilia saba kwa jina lake pekee na nyingine moja kwa ushirikiano na wenzake. Nne kati ya hizo zilitolewa na wachapishaji wa papa hapa Nairobi.

Makala haya yanadhamiria kumweleza mtunzi huyu kwa kufuata mpangilio wa wakati. Sababu ni kwamba anaposomwa kwa tamthilia moja tu, na hasa kwa swali la "nafasi ya mwanamke katika jamii", msomaji hupotoka kwa urahisi. Kazi zake zikifuatwa tangu mwanzo hadi mwisho, huonyesha kwamba alikuwa akilikabili swali moja ambalo halikumpa usingizi: nani asemaye jukwaani, na anasema kwa niaba ya nani? Jinsi alivyobadilisha jibu lake ndivyo alivyobadilisha mtindo wake wa utunzi.

Maisha yake kwa ufupi

Penina Muhando alizaliwa mwaka wa 1948 katika sehemu ambayo leo ni mkoa wa Morogoro, Tanzania. Alisomea sanaa za maonyesho na elimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akabaki hapo kama mhadhiri, na baadaye akawa profesa na mmoja wa viongozi wakuu wa taaluma chuoni. Tasnifu yake ya uzamifu, iliyokamilika mwaka wa 1983, ilihusu sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru na namna zilivyokuwa chombo cha kufundishia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliishi Nairobi akiwa mkurugenzi mtendaji wa FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika.

Mwalimu awatahadharishe wanafunzi kuhusu jina. Tamthilia zake zina jina la Penina Muhando, ilhali maandishi mengi ya kitaaluma yana jina la Penina Mlama au Penina Muhando Mlama. Ni mtu yule yule. Anayewatenganisha humpoteza mtafiti aliyeko nyuma ya mtunzi, na bila ya mtafiti huyo tamthilia za baadaye hazieleweki vyema.

Mazingira yaliyomzaa mtunzi

Tamthilia andishi ya Kiswahili ilikuwa changa wakati Muhando alipoanza kuandika. Hapa Kenya, Nakupenda Lakini ya Henry Kuria iliigizwa katika shule ya Alliance mwaka wa 1954 na kuchapishwa 1957, mwaka uo huo zilipotoka tamthilia za Graham Hyslop. Kwa jumla michezo ya wakati wa ukoloni ilifuata jukwaa la Kizungu: pazia, sebule, mazungumzo ya watu wachache na hadhira iliyokaa kimya. Pamoja nayo kulikuwa na vichekesho, ambavyo mara nyingi vilimcheka mtu wa shamba asiyejua mambo ya mjini. Tangu awali, basi, swali la nani anamcheka nani lilikuwa limekwisha kuulizwa.

Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 liliwataka wasanii washiriki katika kuieneza siasa ya Ujamaa. Ngonjera zilitia fora shuleni na mikutanoni. Chuoni Dar es Salaam sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa katika kipindi hicho hicho, na Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile mwaka wa 1969 na Mashetani mwaka wa 1971. Muhando alichipuka katika bustani hiyo. Alikuwa miongoni mwa wanawake wachache mno walioandika, na aliandika kwa Kiswahili kwa kusudi. Katika makala aliyoitoa mwaka wa 1990 kuhusu changamoto za kutunga kwa lugha za Kiafrika, alitetea uamuzi huo akijua kwamba unamnyima mtunzi wasomaji wa ng'ambo. Hadhira yake ilikuwa Watanzania, na lugha yao ilikuwa Kiswahili.

Awamu ya kwanza: Nairobi, 1972 hadi 1976

Tamthilia yake ya kwanza, Hatia, ilichapishwa Nairobi mwaka wa 1972. Inahusu binti anayepata mimba nje ya ndoa na fedheha inayomwandama yeye na jamaa zake. Anwani yenyewe ni swali: hatia ni ya nani? Je, ni ya binti, ya mwanamume aliyehusika, ya wazazi, au ya jamii iliyopanga sheria zake ili mzigo umwangukie mmoja? Tambueni Haki Zetu ilifuata mwaka wa 1973, nayo ilichapishwa Dar es Salaam. Kisha zikaja Heshima Yangu (1974), Pambo (1975) na Talaka si Mke Wangu (1976), zote zikitolewa Nairobi.

Anwani hizi zikisomwa pamoja huonyesha mkondo wa fikira. Hatia, haki, heshima na talaka ni maneno ya barazani, ya mahali watu wanapohukumiana. Ikumbukwe kwamba Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa mwaka wa 1971, sheria iliyojaribu kuziweka chini ya utaratibu mmoja ndoa za dini, za mila na za serikali, na kuipeleka talaka mahakamani. Mtunzi aliyeandika juu ya ndoa na heshima katika miaka hiyo alikuwa akiandika juu ya jambo lililozungumzwa nyumbani, misikitini, makanisani na bungeni.

Kimtindo, hata hivyo, tamthilia za awamu hii hazijaachana na jukwaa la Kizungu. Kuna maonyesho yaliyogawanywa, mazungumzo ya nyumbani na mgogoro unaokua hatua kwa hatua. Muhimu zaidi ni kwamba mtunzi ndiye asemaye. Binti wa Hatia anasikika kwa sababu msomi wa chuo kikuu amempa sauti. Jambo hilo si dogo, kwa maana kabla yake msichana kama huyo alikuwa mfano wa kuogofya katika mawaidha. Hata hivyo sauti hiyo bado ni ya kuazimwa.

Nadharia: mambo manne, na kitabu hakimo

Mwaka wa 1976 Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa kitabu cha Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Humo waliweka msingi ambao bado unafundishwa: sanaa ya maonyesho huhitaji dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Vikikamilika vinne hivyo, sanaa ya maonyesho ipo.

Wanafunzi wengi hukariri mambo haya manne bila ya kuona uzito wake. Katika orodha hiyo hamna maandishi, hamna pazia wala jengo. Kwa fasili hii, unyago, matambiko, ngoma na utambaji wa ngano huingia moja kwa moja katika sanaa za maonyesho, na anayedai kwamba Afrika haikuwa na tamthilia kabla ya Wazungu hukosa hoja. Muhando alifuata fasili hiyo hadi nyumbani kwao. Mwaka wa 1981 alichapisha uchunguzi kuhusu digubi, sanaa ya maonyesho ya Wakaguru inayofungamana na mafunzo ya wasichana wanaobaleghe. Aligundua darasa lenye mbinu zake, ambamo anayefunzwa hushiriki kwa kuimba na kucheza badala ya kukaa na kutazama.

Kuanzia hapo mtunzi alikuwa na deni. Ikiwa mtazamaji ni mmoja wa mihimili minne, kwa nini tamthilia zimwache kando amenyamaza?

Awamu ya pili: Nguzo Mama (1982)

Jibu lake la kwanza ni Nguzo Mama, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka wa 1982. Si bure kutaja mahali pa uchapishaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Mtunzi ambaye vitabu vyake vilichapishwa Nairobi sasa alichapishwa kwao. Msomaji wa Kenya aliyemfahamu kwa Hatia na Heshima Yangu alikuwa na njia nyembamba ya kuzifikia kazi zake zilizokomaa zaidi, na athari ya kukatika huko haijaisha katika rafu zetu.

Nguzo Mama inasimuliwa kama ngano. Yupo mtambaji anayeifungua hadithi, kuikatiza kwa wimbo na kuzungumza na hadhira. Katika kijiji cha Patata, wanawake wanane wanajaribu kuisimamisha nguzo kubwa. Hawana majina ya kawaida, wanaitwa kwa nambari, kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane. Kila wanapoanza kuinyanyua, jambo huzuka: mume mlevi anamnyang'anya mkewe pesa alizozihangaikia, au ndugu wa marehemu wanamvamia mjane wakidai mali. Wanawake wenyewe pia wanagombana na kusengenyana. Tamthilia inakwisha nguzo ikiwa bado haijasimama.

Hapa ndipo penye hatari kwa mwalimu na mtahiniwa. Usomaji unaojitokeza haraka darasani husema: "Mtunzi anaonyesha kwamba wanawake hawana umoja, ndiyo maana hawaendelei." Mtahiniwa huandika hivyo, akatoa mifano ya ugomvi wao, akaona amemaliza. Usomaji huu una chembe ya ukweli, kwa kuwa mtunzi hakuwaficha wahusika wake udhaifu wao. Lakini haukidhi, kwa sababu tatu.

Kwanza, tuangalie kinachowaondoa wanawake kwenye nguzo. Mara nyingi ni ulevi wa mume, desturi ya urithi na umaskini, mambo yasiyotokana na hulka ya mwanamke. Kuwalaumu kwa kutosimamisha nguzo bila ya kutaja aliyewavuta mikono ni sawa na kumlaumu mtwangaji aliyenyang'anywa mchi.

Pili, tuutazame wakati. Umoja wa Mataifa ulitangaza 1975 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, na 1976 hadi 1985 kuwa Mwongo wa Wanawake, uliofungwa kwa mkutano mkubwa Nairobi mwaka wa 1985. Miaka hiyo ilisheheni hotuba kuhusu ukombozi wa mwanamke. Tamthilia inayotoka katikati ya mwongo huo ikiwa na nguzo iliyolala chini inauliza swali zito: baada ya maneno yote haya, nani kaishika nguzo yenyewe? Kinaya hicho kinawalenga watoa hotuba kabla ya kuwalenga wanawake wa Patata.

Tatu, tuzingatie fani. Ngano huwa na hadhira iliyo hai, inayoitikia na kuulizwa. Mtambaji akiiachia hadithi njiani, anawarudishia wasikilizaji. Laiti nguzo ingesimama, watazamaji wangepiga makofi na kwenda zao. Kwa kuwa imelala, wanaondoka na kazi mikononi. Hata nambari badala ya majina zina maana hiyo: Bi Tano anaweza kuwa mwanamke yeyote aliyeketi pale. Kwa hivyo tamati ya tamthilia haiwezi kutenganishwa na umbo lake, na mtahiniwa anayezungumzia maudhui peke yake huwa amelisoma jibu nusu.

Katika mwaka huo wa 1982 ilitoka pia Harakati za Ukombozi, aliyoitunga pamoja na Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu waliandika historia ya nchi yao kwa nyimbo, ngoma na usimulizi, wakahoji kama ukombozi ulioahidiwa ulikuwa umewafikia wakulima na wafanyakazi. Kutunga kwa pamoja nako kulikuwa hatua: sauti ya mtunzi mmoja ilianza kugawanywa.

Lina Ubani (1984)

Anwani ya Lina Ubani inahitaji kufafanuliwa kwa wanafunzi. Wahenga walisema, la kuvunda halina ubani. Maana yake ni kwamba kilichooza kimeoza, hata ukikifukiza hakitanukia. Muhando anaukana msemo huo kwa maneno mawili tu: lina ubani. Yaani uozo huu una dawa.

Uozo gani? Idi Amin aliivamia Kagera mwishoni mwa 1978, na Tanzania ikapigana hadi utawala wake ulipoanguka mwaka wa 1979. Vita viliisha, lakini bidhaa ziliadimika madukani, foleni zikawa ndefu, ulanguzi ukashamiri, na mwaka wa 1983 serikali ikaanzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Tamthilia hii inaifuma ngano ya jadi ndani ya hali hiyo ya baada ya vita. Zimwi la hadithi na walafi wa sasa wanasimama katika uwanja mmoja. Mbinu hii ilimruhusu mtunzi kusema wazi jambo ambalo lugha ya hotuba ilikuwa imelizungukazunguka. Kwa mtahiniwa, huu ni mfano bora wa matumizi ya fasihi simulizi katika fasihi andishi: ngano haikuwekwa kama pambo, ndiyo inayobeba hoja.

Kutoka kitabuni hadi uwanjani

Wasomaji wengine hushangaa kuona kwamba baada ya Lina Ubani tamthilia zilizochapishwa kwa jina lake hazikufululiza tena kama zamani. Je, mtunzi alinyamaza? La. Alihamia uwanjani.

Mwaka wa 1982 na 1983, Muhando, Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa. Waliwaomba wanakijiji waeleze matatizo yao, wayachambue, kisha wayatungie michezo kwa ngoma na nyimbo zao wenyewe, na baada ya kuigiza wajadiliane. Miongoni mwa matatizo yaliyoibuliwa ni mimba za wasichana. Miaka kumi baada ya Hatia, jambo lile lile lilirudi, lakini safari hii waliolisema ni wenyeji waliokuwa nalo majumbani mwao, mbele ya wazazi, vijana na viongozi. Kazi hii na nyingine kama hiyo aliieleza katika kitabu chake cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo.

Hatua ya mwisho ni Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka wa 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwalenga wasichana wa shule za sekondari. Wasichana wanatambua vikwazo vinavyowazuia kusoma, wanavitungia michezo, wanaviigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha wanadai hatua zichukuliwe. FAWE iliuchukua mtindo huo na kuueneza katika nchi nyingine za Afrika. Hapa yule binti wa Hatia hana tena haja ya kuazima sauti.

Kwamba jambo hili si la historia pekee, walimu wanalijua vyema. Kenya iliweka utaratibu wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua katika miaka ya 1990. Tanzania iliruhusu warejee katika shule za kawaida mwezi wa Novemba 2021 tu, takriban miaka hamsini tangu Hatia ilipochapishwa. Swali la hatia ni ya nani lilikuwa likijibiwa wakati wote huo kila msichana alipoambiwa afunganye virago.

Tathmini

Si haki kumsifu mtunzi bila ya kumpima. Wahusika wa kiume katika Nguzo Mama ni bapa, kila mmoja amebeba kosa lake na basi. Nambari zinazowafanya wanawake wawakilishe wengi pia zinawapunguzia undani. Na maonyesho ya uwanjani yana mpaka wake: mjadala wa kijiji waweza kufichua chanzo cha mimba za wasichana, lakini hauwezi peke yake kuuondoa umaskini. Mafanikio yake makubwa hayapo katika kitabu kimoja, yapo katika mwelekeo: alianza kwa kumsemea mwanamke, akamwimbisha na hadhira yake, akaishia kumwachia uwanja.

Hitimisho

Mtahiniwa anayemlinganisha Tunu wa Kigogo, anayeuongoza umma wa Sagamoyo, na Bi Nane wa Patata asiharakishe kusema kwamba wa kwanza ni shujaa na wa pili ni dhaifu. Azingatie kwamba Tunu anasimama katika uwanja ambao watangulizi kama Muhando waliufyeka. Mwalimu naye asitosheke kwa kuwasomesha wanafunzi kuhusu sauti ya mwanamke wakiwa wamekaa kimya. Dhana, mtendaji, uwanja na watazamaji vyote vimo darasani. Wape nafasi waitunge tamati ya Nguzo Mama kwa maneno yao, kisha wasikilizwe.

Maswali ya mazoezi

1. "Nguzo haikusimama kwa sababu ya wanawake wenyewe." Jadili kauli hii kwa kurejelea Nguzo Mama.

2. Eleza jinsi mtunzi alivyotumia fasihi simulizi katika tamthilia mbili za awamu ya pili.

3. Fafanua uhusiano uliopo baina ya anwani Lina Ubani na hali ya Tanzania baada ya mwaka wa 1979.

4. Kwa kuzingatia mambo manne ya sanaa za maonyesho, onyesha kwamba mradi wa Tuseme ni sanaa ya maonyesho kamili.